Chombo cha Majimoto

Katika lugha ya wanamuziki wetu wa dansi, neno "vyombo" lina uzito kuliko neno "wimbo". Bendi inaweza kukosa mtunzi ikaazima, ikakosa mwimbaji ikamchukua wa jirani, lakini ikikosa vyombo basi bendi hiyo imekufa. Msomaji akitazama historia ya muziki huo nchini Tanzania ataona jambo hili waziwazi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa chini ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, na Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Kwa nini? Kwa sababu magitaa na amplifaya vilikuwa ghali kuliko mshahara wa mpigaji, na ilibidi awepo tajiri, chama au shirika la kuvinunua. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi.

Bendi hizo kubwa zilipata bahati ya kurekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zake zimehifadhiwa. Lakini wale vijana wa wilayani na vijijini, waliopiga dansi wakati wa mavuno na arusi na wala hawakuuona mlango wa studio, nani amewahifadhi? Swali hili lilinijia kwa nguvu huko Majimoto, katika nchi ya Wapimbwe, mkoani Katavi. Kijiji hicho kimepata jina lake kutokana na chemchemi za maji ya moto, na watu wake wanajulikana kwa kilimo cha mpunga. Ukitoka Mpanda mjini unapita Sitalike, unakatiza hifadhi ya Katavi, unafika Kibaoni, kisha Usevya, na mbele yake Majimoto.

Mzee mmoja wa hapo alikuwa na amplifaya ya gitaa ya valvu, yaani zile taa za kioo zilizotumika kukuza sauti kabla ya transista kuenea. Kwa maelezo yake, ilitoka Tabora kwa treni, nao wakaipiga wakiwa vijana kwa nguvu ya jenereta. Treni hiyo naifahamu. Njia ya reli kutoka Kaliua hadi Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Tabora nayo ilikuwa mji wa muziki hasa, wenye Kiko Kids na Tabora Jazz. Kwa hiyo maneno ya mzee yalikuwa na mahali pa kusimamia. Lakini wajukuu zake walikuwa wamepata mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alitaka kukipima chombo kwa kilo kwa sababu ya shaba iliyomo ndani ya transfoma. Walikubaliana kwamba kama bado kinaimba kitabaki, na kama hakiimbi kitakwenda kwenye mizani.

"Babu, tukichomeke tu kwenye umeme tusikie," alisema mjukuu mmoja.

"Mwacheni fundi kwanza," mzee akajibu.

Alikuwa na haki. Chombo cha valvu kilicholala miaka mingi hakichomekwi hivi hivi. Ndani yake mna umeme wa volti 300 na zaidi, na kapasita zake zinaweza kuushika umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kapasita zenyewe hukauka zikikaa bila kazi. Zikipewa umeme wote kwa ghafla hupasuka, na zinaweza kuiunguza transfoma. Na transfoma ikiungua, mwenye mizani ameshinda.

Nilianza kwa macho. Nilifungua ubao wa nyuma nikaondoa vumbi na nyumba za nyigu. Waya wa umeme ulikuwa wa nyuzi mbili, hauna nyuzi ya ardhi. Huo niliukata nikaweka wa nyuzi tatu, maana bila ardhi mpigaji hugeuka kuwa ardhi yeye mwenyewe. Mahali pa fyuzi palizungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Valvu kubwa zilikuwa mbili, za aina ya EL84, jozi ambayo hutoa kiasi cha wati 15. Moja ilikuwa na ile rangi ya kioo cha kujitazamia juu ya kichwa chake. Hiyo ni dalili ya uzima. Nyingine kichwa kilikuwa cheupe kama maziwa. Valvu ikiwa hivyo, hewa imeingia ndani na haina dawa.

Kisha nilitumia mita. Nyuzi za transfoma zote mbili zilikuwa hazijakatika. Spika ya omu 8 ilisoma omu 6 na nukta, kama inavyotakiwa. Hili la spika ni muhimu, kwa sababu amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuharibika.

Hatua iliyofuata ilihitaji taa ya kawaida ya waya, ya wati 60. Siku hizi taa hizo ni adimu. Tuliipata kwa mfuga vifaranga. Taa hiyo hufungwa ili umeme upite kwake kwanza ndipo uingie katika chombo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna shoti. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, transfoma ni salama. Niliondoa valvu zote, nikawasha. Taa ikawaka, ikafifia. Wajukuu wakanyamaza. Volti za kupasha valvu moto zilisoma 6 na zaidi kidogo, ilivyo sawa.

Hata hivyo, lililonigusa zaidi ni lile nililoliona chini, mahali panapounganishwa waya. Vipande vya asili vilikuwa vya Uingereza. Lakini kati yake vilikuwamo vingine vilivyotolewa katika redio, pamoja na kapasita yenye jina la National. Kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilikuwa kikiunganisha redio za National, na cha Philips kilikuwa Arusha. Wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, redio mbovu ndiyo ilikuwa duka la vipuri. Viungo vingine vilikuwa safi, vingine vimebandikwa risasi nyingi kama tope. Niliona mikono ya mafundi wasiopungua watatu, kila mmoja na tabia yake. Hapo nikatambua kwamba nilikuwa nikisoma kitabu. Chombo hakikufa mara moja. Kilikufa mara nyingi, na kila mara alitokea mtu aliyekataa.

Nasi tukafuata njia hiyo hiyo. EL84 ilitumika pia katika redio nyingi za mezani, na kweli, katika stoo ya jirani ilipatikana redio bovu yenye valvu nzima. Kapasita mbili za volti 450 nilizipata kwa mafundi wa televisheni wa Mpanda. Nilirudisha valvu, nikaweka fyuzi ya haki, nikawasha tena kupitia taa, kisha bila taa, mkono mmoja ukiwa mfukoni ili umeme usipate njia ya kupitia kifuani. Kwanza ukatoka mngurumo mdogo. Kijana wa kwaya akachomeka gitaa lake. Sauti ilikuwa nene, yenye joto, na alipolikaza ilikwaruza kidogo pembezoni.

Mzee hakucheza wala hakulia. Alitaja majina matano, moja baada ya jingine, kwa utaratibu: wa solo, wa rithimu, wa besi, wa ngoma, na mwimbaji. Wajukuu hawakuwahi kuyasikia. Mnunuzi wa vyuma aliambiwa atafute shaba kwingine.

Yapo makabati mengi katika nchi yetu yenye vumbi la namna hii, katika vyumba vya misheni, katika kumbi za zamani na chini ya vitanda vya wazee. Mizani ya chuma chakavu hupima shaba tu. Kwa hiyo namsihi mwenye chombo cha aina hii asikiwashe kwa haraka, na asikiuze kwa haraka. Amwite fundi mwenye subira, amweke na mzee aliyekipiga, na awepo mtu mwenye kalamu. Fundi atasema vipande vilitoka wapi, mzee atasema nani walivipiga, na kalamu itaandika majina ambayo hayamo katika kanda yoyote.