Jirani Asiyeweza Kukagua: Utakatifu wa Mkristo katika Kazi na Mali

Mwezi Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mtumishi wa ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa mpakani Goma. Aliuawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26, baada ya kukataa hongo ili mchele ulioharibika upite na kuingia sokoni. Waliomtishia hawakumtaka amkane Kristo. Walichotaka ni mzigo upite. Hata hivyo Kanisa lilihukumu kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, kwa hiyo ni mfiadini kwa maana kamili ya neno hilo. Hukumu hiyo inawahusu Wakristo wa madhehebu yote, maana inadai kwamba kukagua mchele kwa uaminifu kunaweza kuwa ungamo la imani sawa na kusimama mbele ya liwali wa Kirumi. Naona dai hilo ni sahihi, na linatuonyesha mahali utakatifu wa kila siku unapopimwa kwa ukali zaidi: katika yale tunayomtendea mtu asiyeweza kutukagua.

Msingi wa kiteolojia wa hukumu hiyo ni wa zamani. Katika karne ya 13 Thoma wa Akwino aliuliza kama imani peke yake ndiyo inayoweza kumfanya mtu kuwa mfiadini. Alijibu kwamba kila tendo jema linalofanywa kwa ajili ya Mungu ni namna ya kuiungama imani, na akamtaja Yohane Mbatizaji, ambaye hakuuawa kwa kukataa kuikana imani bali kwa kumkemea Herode juu ya ndoa yake. Floribert anaongeza jambo ambalo mfano wa Yohane hauna. Yohane alisema hadharani, na Herode alimsikia. Walaji wa ule mchele wasingejua kamwe nani aliupitisha. Mama wa Goma ambaye mtoto wake angeharisha angelaumu maji, au nzi, au mapenzi ya Mungu. Kati ya mkaguzi na mlaji hapakuwa na shahidi yeyote ila Mungu.

Tukirudi katika Mambo ya Walawi sura ya 19, ambako Israeli wote wanaagizwa kuwa watakatifu kwa kuwa Mungu wao ni mtakatifu, tunakuta orodha inayomshangaza msomaji aliyetarajia sheria za ibada. Ibada imo, lakini imechanganywa na mavuno, ujira, mahakama, umbea na mizani. Ukiitazama kwa makini, wengi wa wanaolindwa humo wana udhaifu wa aina moja. Kiziwi hasikii anapolaaniwa. Kipofu hamwoni aliyemwekea kikwazo. Kibarua ameshafanya kazi, na jioni hana nguvu ya kumlazimisha bwana wake alipe. Maskini na mgeni hawajui mwenye shamba alivuna mpaka pembeni au aliwaachia kitu. Mnunuzi hawezi kuona kama jiwe la mizani limepunguzwa. Hapo penye kiziwi na kipofu ndipo andiko linapotaja kumcha Mungu, na sababu iko wazi: hakuna mwingine wa kumwogopa. Nabii Amosi anawashutumu wafanyabiashara waliokuwa wakingoja sabato iishe wapate kupunguza vipimo na kuwauzia maskini makapi ya ngano. Hawakuivunja sabato. Waliishika kwa mwili huku akili imeshafungua duka, na chakula kibovu kinachouzwa kwa asiye na uchaguzi kinawaunganisha moja kwa moja na ule mpaka wa Goma.

Historia ya Kanisa katika eneo letu ina ushahidi wake. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao masimulizi yake hurejea kwenye mkutano wa Simeon Nsibambi na daktari Joe Church huko Namirembe, Uganda, mwaka 1929, ulishika moto katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waandishi wengi wamekazia machozi, nyimbo na maungamo ya hadharani. Mimi naona kiini kiko kwingine, katika urejesho. Watu walirudisha mali waliyoiba kwa waajiri na majirani, na kulipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa. Mwenye mali mara nyingine hakuwa na habari kwamba ameibiwa. Kutembea nuruni, kama Ndugu, yaani watu wa uamsho huo, walivyopenda kusema, kulimaanisha kumpa jirani taarifa ambayo asingeweza kuipata kwa njia yake mwenyewe. Baadaye, katika baadhi ya vikundi, uzito ulihamia kwenye mavazi, mapambo na namna ya kusalimiana, na migawanyiko ikafuata. Utakatifu uliokuwa umeanzia gizani, pasipo na mkaguzi, ukawa kitu kinachokaguliwa na wenzako kila wiki. Vazi huonekana mlangoni mwa kanisa, lakini hesabu za duka hazionekani.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inaushusha utakatifu. Kwao, utakatifu ni kutengwa kwa ajili ya Mungu, na unatafutwa katika kufunga, mikesha na milima ya maombi. Sina neno dhidi ya mikesha; Floribert mwenyewe alikuwa mtu wa sala, mwanajumuiya wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambako aliwahudumia watoto wa mitaani. Lakini Isaya sura ya 58 inawakabili watu waliofunga na kujinyenyekesha huku siku ileile wakiwakandamiza vibarua wao, na Mungu hakuihesabu saumu hiyo. Sala ndiyo inayomzoesha mtu kuishi mbele ya Mungu asiyeonekana, na mazoea hayo yanahitajika siku ya Jumatatu, mbele ya fomu inayosubiri mhuri. Nani atathibitisha kwamba mkesha umezaa kitu, kama si mteja aliyepimiwa kilo kamili?

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa warithi wa Matengenezo ya Kanisa: je, huku si kumrudisha Mkristo chini ya sheria, aokolewe kwa mizani yake? Jibu limo ndani ya sheria yenyewe. Amri ya mizani ya haki katika Walawi 19 inakumbusha papo hapo kwamba Mungu anayeitoa ndiye aliyewatoa Misri. Walikombolewa kwanza, vipimo vikafuata. Zakayo, mtoza ushuru wa Injili, naye hakuahidi kulipa mara nne ili Yesu aingie kwake, maana Yesu alikuwa ameshajialika. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, ambaye mwaka 1738 aliuhisi moyo wake ukipata joto kwa uhakika wa neema, aliandika kanuni za vyama vyake mwaka 1743, na humo akakataza kununua au kuuza bidhaa zisizolipiwa ushuru. Mhubiri wa neema hakuona aibu kuzungumzia forodha. Neema isiyofika kwenye ushuru inamwacha mtu katika utumwa uleule, kwa sababu hongo humfunga mpokeaji wake kwa siri na hofu.

Linabaki pingamizi la njaa. Karani ambaye mshahara wake unachelewa, na mkubwa wake anadai mgao upande juu kila mwezi, anaweza kuuliza kwa nini utakatifu umlalie yeye. Anauliza kwa haki. Amri ya Walawi 19 ilitolewa kwa mkutano wote, na mkutano unaomwachia mtu mmoja mzigo huo umeshaivunja kabla yake. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, na vikundi vya Ndugu vilikuwa vikikutana kila wiki miongo kadhaa kabla ya hapo; kwa hiyo vyombo vya kuubeba mzigo huo pamoja tunavyo. Lakini katika jumuiya nyingi ajenda ni michango, misiba na ratiba ya ibada. Karani akihamishiwa mbali kwa kukataa mgao, hakuna mfuko uliotengwa kwa ajili yake, wala mwanasheria wa jumuiya wa kumtetea, na aliyechukua nafasi yake hukaribishwa kiti cha mbele siku ya harambee. Hapo Kanisa lenyewe limeshika mizani. Mwumini anayetoa sadaka hana njia ya kujua imekwenda wapi kama vitabu havikaguliwi na kusomwa mbele yake, na katekista, mlinzi au mwalimu wa chekechea ya parokia hana mahali pa kushtaki ujira wake unapositishwa ili mnara wa kengele ukamilike.