Mgongo Mtupu wa Karatasi

Muhula wangu wa mwisho chuoni, kabla karo haijanishinda, nilichapisha ripoti pande zote mbili za karatasi. Nilitaka kila sura ianzie kulia kama kitabu, kwa hivyo migongo saba ikabaki mitupu. Kadi yangu ilikatwa shilingi 5 kwa kila upande, hiyo saba ikiwemo. Kuuliza, naambiwa, "Mashine ndiyo imehesabu." Shilingi 35. Hiyo ilikuwa chapati na maharagwe, ati.

Kulipia weupe hakukuanza na mimi. Uingereza, kabla ya 1840, barua ilitozwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa. Bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya pili, hata isipokuwa na neno. Basi watu wakaachana na bahasha: walikunja barua yenyewe na kuandika anwani kwa nje. Wengine, ukurasa ukijaa, waliugeuza robo na kuendelea kuandika juu ya maandishi yaleyale, mistari ikikatana kama wavu wa samaki. Pole kwa macho ya aliyesoma. Mwaka 1837 Rowland Hill alipendekeza barua ipimwe kwa uzito. Kufikia 1840 ilikuwa peni moja kwa nusu aunsi, popote nchini, na bahasha zikarudi.

Halafu mita ikaingia ofisini. Mwaka 1959 kampuni ya Haloid Xerox, Marekani, ilizindua mashine ya fotokopi iitwayo Xerox 914. Bei yake ilikuwa juu mno, ikakodishwa: dola 95 kwa mwezi, nakala 2,000 za kwanza bila nyongeza, kisha senti 4 kwa kila moja. Mita ilihesabu nakala, haikusoma. Ukisahau kuweka waraka kwenye kioo, karatasi nyeupe iliyotoka nayo ni nakala.

Tuseme ukweli, upande mtupu si bure kabisa. Ukipitishwa ndani ya mashine, roli zinalika, kama matatu inayorudi bila abiria inavyolika tairi. Lakini wino haukutumika, na karatasi nilishailipia upande wa mbele. Mimi ningetoza karatasi mara moja, kisha pande zenye maandishi pekee.

Ripoti bado ninayo. Ile migongo saba niliijaza hesabu za kodi ya nyumba, mwezi baada ya mwezi. Nimebakisha mmoja.