Hiyo Si WRX

Binamu yangu ana Subaru Impreza ya injini ya 1500. Haina turbo. Aliyemuuzia alikuwa ameipaka rangi ya bluu, akaifunga rimu za rangi ya dhahabu na ekzosi nene inayonguruma kuliko nguvu ya gari lenyewe. Akishuka nayo steji ya Kianjokoma mchana, watoto wa shule hutoka mbio hadi kando ya barabara wakipiga kelele: “WRX! WRX!” Siku moja nilikuwa nimeketi naye mbele. Mzee aliyekuwa akingoja matatu ya kwenda Embu mjini akatuangalia, akacheka, akasema, “Kumbe Njiru amerudi.”

Zamani binamu yangu alikuwa anajibu. “Hapana mzee, hii ni ya kawaida tu.” Siku hizi ananyamaza. Ameona kwamba ukimwambia mtu gari si lile analolidhania, anakuona unajishusha au unaficha kitu.

Kwa fundi, tofauti haina utata. Fungua boneti. WRX ya miaka ya tisini ina injini ya lita mbili yenye turbo, na juu ya boneti kuna tundu la kuingiza hewa ya kuipoza. Ya binamu yangu haina tundu hilo. Lakini mtu aliye kando ya barabara hafungui boneti. Ana sekunde tatu, vumbi na mlio. Kinachobaki anajazia mwenyewe kutoka kichwani, na kwa watu wa upande huu wa Mlima Kenya, vitu vya kujazia ni vingi, na ni vya kitambo.

Mashindano ya Safari yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miongo kadhaa yalikuwa yakifanyika Pasaka, wakati mvua ndefu zinaanza, na hizo mvua zilikuwa sehemu ya mtihani. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakawa 7 tena. Barabara hazikufungwa kama uwanja. Zilikuwa barabara zilezile za kupeleka kahawa sokoni, na kwa miaka mingi njia ya mashindano ilizunguka mlima wetu, ikipita Embu na Meru kwenye tope jekundu. Hukulipa tiketi. Ulikaa juu ya ukingo wa shamba, ukangoja.

Guka wangu alingoja hivyo. Kwake, gari lolote jekundu lenye boneti nyeusi lilikuwa Datsun, na Datsun yoyote ilikuwa imeshinda. Hakuwa amekosea sana. Edgar Herrmann alishinda 1970 na Datsun 1600 SSS, akashinda tena 1971 na Datsun 240Z, gari la michezo lenye pua ndefu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa na Idi Amin mwaka mmoja kabla, alishinda kwa 240Z. Mwaka huohuo yeye na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, walifika Nairobi wakiwa na alama sawa za adhabu. Ikabidi waamuzi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Sasa kama waamuzi wenye saa na karatasi walitatizika kutenganisha Datsun mbili, utamlaumu vipi mkulima aliyesimama kwenye ukingo akiwa amepakwa tope usoni?

Tena Safari yenyewe iliwafundisha watu wasiamini sura. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544. Gari hilo lilikuwa mtumba wa rali: dereva mwingine alikuwa amelitumia mwaka uliotangulia. Mgongo wake ulikuwa wa mviringo, umbo la kizamani hata kwa wakati ule. Ungeliona limeegeshwa sokoni ungedhani ni la mwalimu mkuu aliyestaafu. Baada ya hapo, mtu wa Embu alikuwa na haki ya kushuku kila gari kuukuu linalopita kasi. Huwezi jua.

Halafu akaja Patrick Njiru. Njiru ni jina ambalo Embu utalisikia darasani, kanisani na kwenye orodha ya wauzaji maziwa, kwa hiyo huku lilisikika kama jina la mtu wa nyumbani. Mwaka 1993 Subaru ilileta Safari gari dogo liitwalo Vivio, injini yake ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa, cc 660. Colin McRae alikuwa na moja, haikumaliza. Ya Njiru ilimaliza. Mwaka uliofuata, 1994, Njiru alimaliza wa nne akiwa na Impreza WRX, katika kundi la magari yanayokaribiana na yale yanayouzwa dukani.

Shika hapo kwenye hilo la dukani. Datsun ya kiwanda ilikuwa mgeni anayepita mara moja kwa mwaka. Impreza ilikuwa gari ambalo, kwa mawazo, mtu wetu angeweza kulimiliki. Na miaka ilivyosonga, mitumba ya Japani ikalileta kweli, ile ya 1500, mpaka Manyatta, Runyenjes na Chuka. Umbo lilikuwa lilelile alilopita nalo Njiru, na McRae alipokuja kushinda 1997. Kilichopungua kilikuwa ndani, na ndani hakuonekani. Mtoto anayeiita WRX leo amerithi kosa hilo kutoka kwa baba yake, na baba naye hakulitunga. Aliona gari la umbo hilo likishindana, likiwa na jina kama la jirani yake.

Mashindano yaliondolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002. Yaliporudi 2021, makao yalikuwa Naivasha. Watoto wa steji ya Kianjokoma hawajawahi kuona gari la rali likipita kwao. Wameona video kwenye simu, wameona Hilux za miraa zikitoka Meru mbio mbio, na wanaiona ndinga ya binamu yangu. Wanashangilia kitu kilichoacha kupita kabla wao hawajazaliwa.

Ningependa kuishia hapo, lakini hiyo ni hadithi ya mchana.

Usiku gari hilohilo linasomwa vingine. Mwaka jana tulipanda Kianjokoma saa tatu na kitu, tukasimama kwenye duka kununua maziwa na mkate. Nje palikuwa na benchi lenye vijana watano hivi. Tulipozima injini, benchi lilikuwa tupu. Hakuna aliyekimbia. Walinyanyuka tu, mmoja mmoja, kila mtu akakumbuka kwao. Mwenye duka alituuzia kupitia kwenye nondo bila kutuangalia usoni. Tulipokuwa tukiondoka ndipo alipoisikia sauti ya binamu yangu, akamtambua, akaachia pumzi. “Aki wewe! Umetushtua. Tulidhani ni wale.”

Hakusema wale ni akina nani, na sisi hatukuuliza. Jina la Kianjokoma lilijulikana nchi nzima Agosti 2021, wakati wa kafyu, ndugu wawili walipokufa baada ya kukamatwa na polisi. Polisi sita walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Baada ya maandamano ya Juni 2024, Kenya iliingia katika miezi ya watu kuchukuliwa na wasiovaa sare, kwenye magari yasiyo na maandishi. Kufikia Desemba, tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu visa 82. Mwezi huohuo kijana mmoja alitekwa Embu mjini, akaachiliwa Januari. Na kitambo kabla ya hayo, vijana wa miji ya Kenya walikuwa wamejifunza kuiogopa Subaru inayokuja polepole ikiwa na wanaume wanne ndani.

Kwa hiyo gari moja la 1500 linakosewa mara mbili kwa siku. Mchana linadhaniwa la Njiru, usiku linadhaniwa la wale. Kila mara anayekosea ana sababu aliyoipata hapahapa, kwenye barabara hii. Ukitaka kujua watu wa mahali wamepitia nini, unaweza kuuliza wazee. Unaweza pia kupita na gari la bluu saa nane mchana, urudi nalo saa tatu usiku, uhesabu waliobaki kwenye benchi.

Nilimshauri binamu yangu aipake rangi nyingine. Alikataa. Anasema watoto wataudhika. Lakini amebadilisha namna ya kusimama. Giza likishaingia, kabla hajafika dukani anapunguza mwendo, anashusha vioo vyote vinne, anawasha taa ya ndani ili nyuso zetu zionekane, na anaanza kusalimia watu kwa Kiembu akiwa bado mbali. Mara ya mwisho nilipokuwa naye, wawili walinyanyuka na watatu wakabaki. Mmoja wa waliobaki alilizunguka gari, akachungulia boneti, akasema kwa huzuni kidogo, “Kumbe hata si WRX.”