Siku Tatu Unguja

Wahenga walisema, tembea uone. Nimetembea kiasi changu, na nimeona kwamba kisiwa cha mapumziko ni kama nyumba ya jirani: mgeni huonyeshwa sebule kwanza, na aghalabu huondoka bila kufika uani. Katika insha hii nataka kumpeleka msomaji sebuleni, kisha uani, na mwisho nieleze deni ambalo mimi mwenyewe ninadaiwa huko.

Mwaka juzi mwanangu alinilipia safari ya siku tatu kwenda Unguja, mimi na mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka 14. Mtoto alikuwa na orodha yake: kobe wakubwa, chakula cha Forodhani, na kuogelea Nungwi. Mimi, niliyefundisha historia tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1973 hadi nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu, nilikuwa na orodha yangu. Tukakubaliana tuzichanganye.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mji. Tulipita Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Tukasimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nilimweleza mjukuu kwamba hapo ufukweni, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zililipiga jumba la Sultani kwa mizinga, na vita vile havikufikia hata saa moja. Akaniuliza, "Babu, vita vya saa moja navyo vinaingia kwenye mtihani?" Jioni tukala urojo na mishikaki Forodhani, na historia ikapumzika.

Siku ya pili tulivuka kwa mashua ya injini hadi Changuu, safari ya karibu nusu saa. Kobe wa huko asili yao ni Shelisheli, waliletwa kama zawadi mwanzoni mwa karne ya 20, na baadhi yao ni wakubwa kiasi cha kumfanya mtoto aonekane mdogo. Wageni wengi hukiita kisiwa kile cha gereza. Gereza kweli lilijengwa mwaka 1893, lakini jengo likaja kutumika kuwaweka karantini wasafiri waliotoka melini, ili wasiingize maradhi mjini. Mchana tulikwenda mashamba ya viungo. Kijana wa shamba alituvunjia majani ya mdalasini tunuse, akatufungulia kungumanga, akatuonyesha mkarafuu. Mjukuu alijaza karafuu mfukoni, akasema harufu yake ni ya pilau ya bibi yake.

Hapo ndipo mlango wa uani ulipofunguka. Mkarafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja mwaka 1840, aliuhimiza sana. Karafuu huchumwa kwa mkono, kishada kwa kishada, kisha huanikwa juani. Kazi hiyo ilitaka watu wengi, na watu hao walitekwa bara, wakateremshwa pwani na kuvushwa bahari. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini haikuuangusha utumwa. Mjukuu alizitazama karafuu zake, kisha akauliza, "Waliuzwa wapi?" Nikamwambia kesho nitampeleka.

Siku ya tatu, badala ya Nungwi, tulikwenda Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba ambao Barghash aliutia sahihi tarehe 5 Juni 1873, baada ya kushurutishwa na Waingereza. Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali hapohapo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya altare. Inasimuliwa kwamba altare imesimama pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Nje mna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Uswidi, ya mwaka 1998.

Kisha tukateremka katika vyumba vya chini vya jengo la jirani, vyenye dari fupi na vitundu vya hewa. Kijana aliyetuongoza alisema watumwa walisongamanishwa humo wakisubiri mnada. Mjukuu wangu alilia. Nami nilisimama nimeinamisha kichwa, moyo ukinienda mbio, kwa sababu maneno aliyoyasema yule kijana niliwahi kuyasema mimi, mahali palepale.

Mwaka 1986 niliwavusha wanafunzi 32 wa darasa la sita kutoka shule moja ya mkoa wa Pwani kuja kuona mambo haya. Niliwashusha katika vyumba hivyo na kuwaambia yaleyale. Baadaye, katika kusoma kwangu, nilikuta kwamba wanahistoria waliochunguza jengo lile wanasema lilijengwa na misheni yenyewe kuwa hospitali, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Soko lilikuwa uwanja wa wazi. Nilisoma, nikafunga kitabu, nisimwambie mtu.

Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Siku ile ya 1986 mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, ni nani aliyewauza?" Nikajibu kwa neno moja: "Waarabu." Katika kundi letu alikuwemo mvulana mmoja ambaye babu yake alitoka Arabuni akafungua duka dogo mjini kwetu. Wakati wa kurudi, melini, wenzake walimwita muuza watu. Walimwita hivyo njia nzima, na muhula wote uliofuata. Niliwasikia. Nilikuwa mwalimu mkuu, na fimbo yangu iliogopwa, lakini sikusema kitu. Mwisho wa mwaka baba yake alimhamisha shule.

Na huu ndio uani wa nyumba yangu mwenyewe. Mimi ni Myao. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilitoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa kamba, na kutoka Kilwa wengi walivushwa hadi soko hilihili. Waliuza machifu na wafanyabiashara wa bara, wa kwetu na wa makabila mengine. Walinunua na kusafirisha Waarabu na Waswahili wa pwani. Matajiri wa Kihindi walikopesha mtaji. Wafaransa wa Mauritius na Réunion walinunua watumwa kwa ajili ya mashamba ya miwa, na meli za Ulaya na Marekani zilipakia pembe na karafuu bila kuuliza nani alizibeba au kuzichuma. Yote hayo niliyajua mwaka 1986. Nilichagua neno moja kwa sababu lilikuwa rahisi, na kwa sababu halikunigusa.

Tulikaa kwenye kivuli nje ya kanisa, nikamweleza mjukuu yote, kuanzia vyumba hadi yule mvulana. Alikasirika. "Kwa hiyo nimelia bure, Babu?"

Nilimjibu kwamba hakulia bure. Watu walikuwepo, minyororo ilikuwepo, na mnada ulifanyika pale tulipokaa. Chenye shaka ni chumba tu. Lakini ukichanganya shaka na kweli, atakuja siku moja mtu asiyetaka kuisikia kweli yenyewe. Atakionyesha kile chumba, aseme na mengine yote ni hadithi. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na yule mvulana, ulimwomba radhi?"

Sikuwahi kumwomba.

Boti ya jioni ilikuwa na wageni wengi waliobabuka kwa jua, wenye furaha, na siwalaumu. Kisiwa kile ni kizuri, na bahari yake haina kosa lolote. Msomaji ukipata nafasi, nenda. Uogelee, ule pweza, umtazame kobe akitafuna majani yake polepole. Lakini siku moja kati ya siku zako uende Mkunazini, na ukimaliza usiseme kwamba utumwa uliisha mwaka 1873. Mkataba ule ulifunga masoko na njia za baharini. Sheria haikuacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Na ukiulizwa ni nani aliyeuza, usijibu kwa neno moja.

Ama yule mvulana, sasa ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 45, pengine naye ana watoto. Sikumtaja jina kwa kuwa sina haki ya kulitumia tena. Kitabu hiki kinachapishwa nakala chache, lakini vitabu hutembea. Kikimfikia, ajue kwamba mwalimu wake aliyasikia yale maneno melini, alijua si haki, akanyamaza. Namwomba radhi. Mjukuu wangu ndiye aliyenisimamia nikiandika ukurasa huu, na hajaniruhusu kuufuta.