Kimya cha Simu Ziwani

Mnamo mwaka 1911 Wadachi walikuwa wamesimamisha milingoti ya simu ya upepo katika miji miwili ya Ziwa Viktoria: Mwanza upande wa kusini, na Bukoba upande wa magharibi. Habari iliyokuwa ikingoja chombo iliweza sasa kuyavuka maji kwa dakika chache. Kazi hiyo haikudumu. Tarehe 22 na 23 Juni, 1915, majeshi ya Waingereza yaliyotoka Kisumu kwa meli yaliishambulia Bukoba na kuuharibu mtambo wake. Mwezi Julai, 1916, Mwanza nayo ikatwaliwa.

Waandishi wa vita hulisimulia shambulio hilo kwa bunduki na meli zake. Lakini limo jambo jingine lipasalo kuangaliwa. Mtu aliyekaa penye mtambo wa Mwanza, akaiita Bukoba asijibiwe, angaliweza kufikiri nini? Huenda maneno yake yamepotea katika radi za ziwani. Huenda yamefika, ila jibu ndilo lililopotea. Huenda Bukoba ina shughuli, itajibu baadaye. Au huenda hapana tena mtu wa kujibu. Mambo haya ni manne, na yote husikika namna moja: kimya.

Visiwa vingine, mbali sana na Nyanza, vilileta nusu ya jawabu. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta kwa redio, kisiwa kwa kisiwa, wakauita mtandao wao ALOHA. Vituo vyote vilitumia mawimbi yale yale. Jumbe mbili zikitoka pamoja ziliharibiana. Kanuni yao ilikuwa kwamba asiyepata jibu atume tena, lakini angoje kwanza kitambo cha kubahatisha, kwa kuwa wawili waliogongana wakirudia kwa saa moja watagongana tena.

Kanuni hiyo yamfaa yule ambaye ujumbe wake ulipotea. Yule ambaye ujumbe wake ulifika na jibu likapotea, yamtia hatarini. Hatari hiyo yaonekana wazi Kirumba, katika soko la Mwaloni, ambako dagaa wa visiwani huuzwa hata kwa wanunuzi watokao Kongo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, malipo mengi ya namna hii yamehamia katika simu. Mnunuzi ampelekea fedha mvuvi wa Ukerewe, mtandao wakatika, hapana jibu. Asipotuma tena, mzigo aweza kupewa mwingine. Akituma tena, huenda amelipa mara mbili, na mtaji wake umelala ng'ambo ya maji katika simu ya mtu.

Wahandisi hawakuweza kukiondoa kimya. Walimfundisha mpokeaji kuutambua ujumbe uliorudiwa. Kafka ni programu ya kupitishia mkondo wa habari baina ya kompyuta nyingi. Ilitungwa katika kampuni ya LinkedIn na kutolewa kwa watu wote mwaka 2011, ikapewa jina la Franz Kafka, chaguo la ajabu kidogo kwa chombo kitakiwacho kufikisha habari. Mwaka 2017 iliongezewa uwezo wa kuutia kila ujumbe namba ya mfuatano kabla haujatumwa. Ukirudiwa, hurudiwa na namba ile ile. Mpokeaji akiona ameshaiandika, hujibu tu kwamba umefika. Na ujumbe wenye kasoro yake wenyewe, ambao kuurudia mara elfu hakuuponyi, watumiaji wa mitambo hii huuweka kando, kama posta iwekavyo barua zisizo na mwenyewe, hata mtu aje autazame.

Lakini namba hiyo humlinda yule tu ambaye chombo chake chenyewe ndicho kirudiacho. Mnunuzi wa Kirumba abonyezapo upya kwa kidole chake huanzisha malipo mengine, yenye namba nyingine, na mtambo hauna njia ya kujua kama ni woga au ni gunia la pili. Ndiyo sababu baadhi ya mifumo ya malipo hukataa, kwa dakika chache, kiasi kile kile kwenda kwa mtu yule yule. Mnunuzi mzoefu hutazama salio lake kwanza, kisha humpigia mvuvi. Na mtandao ukiwa bado umekatika, huketi juu ya magunia akangoja.