Sura Iliyokatwa: Filamu za Pete na Habari ya Kurudi Nyumbani

Kitabu kinachopendwa kikigeuzwa filamu, wapenzi wake hugawanyika. Wengine hutoka wamefurahi, wengine hutoka wamenuna kama watu walioibiwa. Mimi nataka kueleza historia ya ugomvi mmoja wa namna hiyo, ule wa The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake kuna sura moja ya kitabu ambayo filamu iliiacha, na sura hiyo, ndugu msomaji, inatuhusu sisi tuliotoka kwetu kuliko inavyowahusu wengi waliogombana juu yake.

Kwa asiyekijua kitabu, nieleze kidogo. Mwandishi ni J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa mwaka 1892 Bloemfontein, Afrika Kusini, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1916 alikuwa askari katika vita vya Somme, Ufaransa, na baadaye akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Kitabu kilitoka katika mafungu matatu, mwaka 1954 na 1955. Ni hadithi ya mahobiti, watu wafupi, wakulima, wanaopenda kula na kukaa kwao. Nchi yao inaitwa Shire. Hobiti mmoja, Frodo, anaachiwa pete yenye nguvu mbaya. Inabidi aipeleke mbali sana na kuitupa katika mlima wa moto ili iharibike. Anatoka nyumbani pamoja na Sam, mtunza bustani wake, na ndugu zake wawili, Merry na Pippin, huku wapanda farasi weusi wakiwafuata. Kwa maneno yetu ya hapa: wanakimbia.

Wengi wanadhani hadithi inaisha pete ikishayeyuka. Hapana. Baada ya hapo kuna kurasa nyingi za safari ya kurudi, na kabla ya sura ya mwisho kabisa kuna ile ninayoisema.

Mahobiti wanne wanafika darajani usiku, wamelowa, wamechoka, na wanakuta geti limefungwa. Wanabisha. Walinzi wa ndani ni mahobiti wenzao, watu wanaowafahamu, lakini wanaogopa kufungua. Hairuhusiwi kuingia kabla ya jua kuchomoza, hairuhusiwi kupokea wageni ovyo na kula chakula cha ziada. Ukutani kumebandikwa orodha ya masharti. Wanauliza mavuno yamekwenda wapi, maana mwaka ulikuwa mzuri. Wanajibiwa kwamba kuna watu kazi yao ni kukusanya na kugawa, ila kukusanya kunaonekana zaidi kuliko kugawa. Mbele zaidi wanakuta miti imekatwa, nyumba za zamani zimebomolewa, na mtaa wa baba yake Sam umechimbwa ukawa shimo la mchanga. Mzee mwenyewe amehamishiwa kijumba kibovu. Wenye kusema neno wamefungwa. Nyuma ya yote hayo yuko mchawi Saruman, aliyeshindwa vita kwingine akaja kulipiza kisasi kwa wadogo.

Basi wanapigana. Mahobiti 19 wanakufa, na karibu majambazi 70. Frodo hachomoi upanga. Kazi anayoifanya siku hiyo ni kuwazuia wenzake wasiwaue waliokwisha kutupa silaha. Saruman anakufa mlangoni pa nyumba ya Frodo, amekatwa koo kwa kisu na mtumishi wake mwenyewe aliyechoka kudharauliwa. Halafu inaanza kazi ya kupanda miti na kujenga upya.

Kuna mama mmoja mle, Lobelia, mkorofi, ambaye tangu mwanzo wa kitabu hakuna anayempenda. Anatolewa gerezani amekonda, anatembea ameegemea mkono wa Frodo, watu wanampigia makofi, naye analia kwa sababu hajawahi kupendwa maishani mwake. Alipokufa aliacha pesa zake zote zisaidie waliopoteza nyumba. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kwanza.

Sasa turudi kwenye historia ya filamu. Watu wengi wanafikiri malalamiko yalianza mwaka 2001. Aliyelalamika kabla ya wote ni mwandishi mwenyewe. Mwaka 1957 Wamarekani fulani walimfuata wakitaka kutengeneza filamu ya katuni, na mwaka 1958 alisoma maandishi ya filamu hiyo, yaliyoandikwa na Morton Grady Zimmerman. Tolkien aliandika barua ndefu akipitia makosa moja baada ya jingine. Tai wakubwa wanatumiwa ovyo kama usafiri wa kila siku. Vita vimejazwa, safari imepunguzwa. Hata mkate wa Waelvu, ule wa kupewa msafiri, umeelezwa kama chakula cha viwandani kilichoshindiliwa virutubisho, jambo lililomuudhi. (Ndugu wa mashirika mnaotugawia zile biskuti za kwenye pakiti, msichukie, mzee hakuwa anawasema ninyi.)

Katika barua hiyo kuna jambo zito zaidi. Zimmerman alikuwa ameukata mwisho wa kitabu, na Saruman akamuulia palepale mnarani kwake. Tolkien alikataa: kama mwisho umekatwa, basi hakuna sababu ya kumuua Saruman pale. Kwake, kifo kile kilikuwa na mahali pake, nako ni nyumbani, mbele ya watu aliowaharibia. Filamu ile haikutengenezwa.

Haki za filamu ziliuzwa kwa kampuni ya Marekani mwaka 1969, na Tolkien akafariki mwaka 1973. Mwaka 1978 Ralph Bakshi alitoa filamu ya katuni. Watu walikwenda wakitegemea kuona hadithi nzima, kumbe inaishia katikati, baada ya vita vya ngome ya Helm's Deep. Fungu la pili Bakshi hakulitengeneza kamwe. Wako waliosifu ujasiri wake, na wako waliotoka sinema wakiuliza, “Sasa?”

Ndipo akaja Peter Jackson wa New Zealand, akazipiga filamu zote tatu nchini kwake. Zilitoka Desemba 2001, Desemba 2002 na Desemba 2003, jumla yake zaidi ya saa 9. Ile ya mwisho ilipata tuzo 11 za Oscar mwaka 2004, kila tuzo iliyokuwa imeteuliwa kushindania. Watu ambao hawakuwahi kugusa kitabu walikwenda kukinunua. Huo ni wema wa kweli, usisahauliwe tunapolaumu.

Lakini wapenzi wa kitabu hawakunyamaza. Kwanza, Tom Bombadil, yule mzee wa msituni anayeimba, hayumo kabisa. Kwenye kitabu Frodo aliyejeruhiwa anapandishwa farasi wa Glorfindel, Mwelvu wa kiume. Kwenye filamu anayempakia ni Arwen, binti wa kiongozi wa Waelvu. Hapo wako waliokasirika, na wako waliosema afadhali, maana kitabu kina wanawake wachache mno. Arwen alipigwa hata picha akipigana vita vya Helm's Deep, kisha wakamwondoa. Tena Faramir, ambaye kitabuni anapata habari za pete na hashawishiki, kwenye filamu anataka kwanza kuipeleka kwa baba yake. Mashabiki waliona mtu mwema amechafuliwa. Watetezi wakajibu kwamba pete isiyomtikisa mtu haimtishi mtazamaji.

Mkosoaji mkali kuliko wote alikuwa Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi, aliyetumia maisha yake kutunza karatasi za baba yake. Mwaka 2012 aliliambia gazeti la Le Monde la Ufaransa kwamba kitabu kimetolewa utumbo na kufanywa filamu ya mapigano ya kuwafurahisha vijana. Hapo mimi naona alizidisha. Ukitazama Sam anavyombeba Frodo mgongoni kule mlimani, huwezi kusema filamu haina moyo.

Hata hivyo kuna upungufu mmoja ambao siuachi upite, na ni uleule wa mwaka 1958. Jackson naye aliikata sura ya kurudi. Katika filamu ya tatu mahobiti wanne wanarudi Shire wamevaa nguo za kifalme, na kila kitu kiko kama walivyokiacha. Miti imesimama. Watu wanakunywa bia. Wanne wanakaa mezani, wanatazamana, hakuna anayewauliza mmepitia nini. Na Saruman? Kwenye toleo la sinema anaachwa amefungiwa mnarani mwake bila kuonekana, jambo lililomuuma sana Christopher Lee, mwigizaji wake, ambaye alikuwa msomaji wa kitabu hicho kwa miaka mingi. Toleo refu la mwaka 2004 likarudisha kifo chake: anachomwa kisu juu ya mnara, anaanguka. Palepale ambapo Tolkien alikwisha kusema si mahali pake.

Ajabu ni kwamba filamu ya kwanza ilikuwa imetuonyesha kitu. Frodo anapochungulia maji ya Galadriel, bibi mkuu wa Waelvu, anaiona Shire inaungua na mahobiti wamefungwa minyororo. Basi tulioelewa onyo tulikaa miaka miwili tukilisubiri, halikuja.

Nisiwadhulumu watengenezaji, sababu wanayo. Pete ikishaharibika, hadithi imefika kileleni. Mtazamaji amekaa zaidi ya saa 3, miguu imekufa ganzi, huwezi kumwanzishia vita vingine. Hata hivyo ilivyo, wengi walilalamika kwamba filamu ya tatu inaaga mara nyingi mno. Na lile tukio la meza nalo lina ukweli wake: mtu aliyetoka vitani anakaa kati ya watu wa kwao na hana pa kuanzia. Hilo nalo tunalijua.

Ila pima matokeo ya kukata. Kwenye filamu, nyumbani kunakungoja. Wewe unateseka, unabadilika, lakini kijiji kimehifadhiwa kama picha ukutani. Kwenye kitabu, vita vilifika na huko pia, kwa sura nyingine: wenyeji walitiishwa, wengine walishirikiana, wengine walifungwa, na anayerudi lazima akae nao wote. Tolkien alisema mwenyewe kwamba sura hiyo si fumbo la Uingereza ya baada ya vita. Aliikusudia tangu mwanzo, na ilitokana kwa kiasi na utoto wake, kwani sehemu za mashambani alikokulia zilikuwa zinaharibiwa kabla hajafika miaka 10.

Hapa Nakivale sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Majirani zetu Warundi wanajua. Waliokimbia mwaka 1972 walikaa Tanzania kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu zaidi ya miaka 30. Waliorudi, wengi wao walikuta shamba la baba lina watu wengine, nao wamezalia pale na kuzika pale. Mwaka 2006 serikali ya Burundi iliunda tume ya kushughulikia ardhi na mali, na wasiokuwa na pa kwenda walijengewa vijiji vipya. Hao wote hawakukuta meza na bia. Walikuta geti, orodha, na mtu wa kuzungumza naye juu ya mpaka wa shamba.

Katika kikundi chetu cha kusoma tuliionyesha filamu ya tatu kwa kompyuta ndogo, halafu nikawasomea sura ile, nikiitafsiri kwa Kiswahili kipande kwa kipande. Tuligawanyika kama mashabiki wa kwingine. Kijana mmoja wa kutoka Fizi alisema yeye anataka ile ya filamu. “Mwalimu, mimi usiku nikifumba macho naiona nyumba yetu nzima, na mwembe. Unataka wauchome na huo?” Mama mmoja akamjibu: “Mwanangu, mimi nimerudi mara mbili na nimekimbia tena mara mbili. Anayeniambia nyumbani kuko vilevile ananidanganya. Hicho kitabu kinaniambia nibebe jembe.” Hakuna aliyemshinda mwenzake, na mimi sikuamua.

Lakini kwa maandishi naamua. Filamu ni nzuri, itazameni. Kijana ana haki ya mwembe wake, maana ndoto hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi. Ila atakapopanda lile gari la kurudi, itamfaa kuwa amesoma sura ya mama. Nanyi ndugu mnaoandaa safari za kurudi, mnaohesabu mablanketi na sufuria, someni pia: mtaona Frodo anapata kazi ngumu zaidi siku adui amekwisha kushindwa, pale anaposimama kati ya jirani na jirani akisema asiuawe mtu.

Sam naye alikuwa na kisanduku cha udongo alichopewa na Galadriel, na mbegu moja ndani yake. Hakuumwaga mahali pamoja. Alitembea nchi nzima akitia punje kwenye kila mche alioupanda pale mti ulipokatwa, akangoja majira ya kuchipua. Kwenye filamu hata kisanduku hicho hakimo. Sam anapewa kamba.

Kitabu kiko kwenye kabati la darasa letu la Kiingereza, Base Camp. Kinaazimwa kwa siku 7, ukiandika jina. Sura yenyewe ni ya 8, katika kitabu cha 6.