Bei ya Kutupa

Mnadani Kongwa, rafiki yangu alinivalisha koti kabla sijasema neno. Lilikuwa la mtumba, rangi ya kaki, zito kama blanketi. "Shosti, hii ni bei ya kutupa. Ukiiacha leo utajuta." Muuzaji akaunga mkono: "Dada, limekaa kama lilishonwa kwa ajili yako."

Ilikuwa Julai, na upepo wa Kongwa mwezi huo hauna huruma. Nilikuwa nasikia baridi kweli. Lakini nyumbani nina sweta mbili, na shilingi 80,000 zilizokuwa mfukoni zilikuwa nauli na chakula changu cha kwenda Dar es Salaam kusoma majalada kwenye Nyaraka za Taifa. Mama aliuza gunia la karanga nikazipata.

Majalada yenyewe yanahusu karanga. Ninaandika tasnifu ya uzamili juu ya mradi ambao hapa Kongwa kila mzee anaujua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Watu walipanga foleni wakiwa na kadi za mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alileta wazo: karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, kwa ukubwa usiowahi kuonekana. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akatumwa na wenzake wawili kukagua. Walimaliza kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka kwenye ndege. Ripoti yao ilipendekeza ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. John Strachey, Waziri wa Chakula, akakubali. Kongwa ikachaguliwa kuwa mwanzo: ekari 150,000 zisafishwe mwaka wa kwanza, 1947.

Hapo ndipo manunuzi yalipoanza. Trekta mpya hazikupatikana, dunia nzima ilikuwa inazitafuta. Basi zikanunuliwa zilizotumika vitani, nyingine kutoka mbali kama Ufilipino. Zilifika zikiwa zimechoka, na msimu haujaisha nyingi zikawa zimelala. Vipuri vikahitajika, kisha karakana, kisha mafundi, kisha nyumba za mafundi. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman na kuvigeuza trekta, vikaitwa Shervick. Kutoka Msagali likajengwa tawi la reli, ambalo baadaye liling'olewa. Kusini ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Bandari ipo hadi leo, reli haipo.

Kila kitu kilichonunuliwa kilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kitu kilichonunuliwa jana yake.

Udongo wa Kongwa haukuhesabiwa. Wakati wa mvua unalainika, kiangazi unakauka na kuwa kama saruji, na mchanga wake unakula vyuma vya majembe. Karanga huzaa chini ya ardhi, kwa hiyo wakati wa kuvuna ilibidi zing'olewe kwenye saruji hiyo. Mibuyu ilikataa kung'oka. Mvua nazo zilikuja zinavyotaka, jambo ambalo Mgogo yeyote angelieleza kwa kuwa ndilo lililomfundisha kupanda mtama na uwele na kufuga ng'ombe. Msimu wa kwanza zilipandwa ekari 7,500 hivi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mradi na kufuta pauni zaidi ya milioni 36.

Ni rahisi kucheka, na watu wamecheka sana. Mimi nilicheka mpaka nilipofika kwenye lile koti. Uhitaji wa Uingereza haukuwa wa uongo. Mafuta yalikosekana kweli, kama baridi yangu ilivyokuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba uhitaji wa kweli unafanya kila unachonunua kwa jina lake kiwe cha lazima. Na waliosimama karibu na mnunuzi karibu wote walikuwa wanasema "chukua": mwenye wazo, mwenye ripoti, mwenye mashine za kuuza. Wenye shaka walikuwepo, ila hawakuwa na sauti.

Nililivua koti nikamrudishia muuzaji. "Nitakuja siku nyingine, kaka." Rafiki yangu alinuna mpaka tukafika kwa wauza viatu. Nikamweleza habari za trekta za Ufilipino.

"Kwa hiyo mimi ndiye Mwingereza?" akauliza.

"Wewe ndiye Wakefield," nikamwambia. "Umenikagua kwa dakika mbili."

Akacheka, lakini si sana. Baadaye akasema alitaka tu nisiende Dar nikionekana mtu wa shida mbele ya wenzangu. Sikuwa na jibu la haraka. Hilo nalo ni uhitaji, na nadhani Strachey aliujua.

Tukiwa tunatoka, mama mmoja alikuwa amekaa chini akiuza karanga za kukaanga, kipimo shilingi 500. Kongwa hulimwa karanga mpaka leo, shamba dogo dogo, kwa jembe la mkono, na mwenye shamba akitazama mawingu. Hizo nilinunua vipimo viwili, kimoja changu na kimoja chake.